Urafiki wa Jalalani: Uhakiki wa Mahusiano ya Watoto katika Riwaya ya Watoto wa Mama N'tilie

Riwaya ya Watoto wa Mama N'tilie (2002) ya Emmanuel Mbogo imesomwa kwa miaka mingi kama kitabu teule katika shule za sekondari nchini Tanzania. Uhakiki wake umejikita zaidi katika dhamira za umaskini, ulevi, malezi na dawa za kulevya. Urafiki wa watoto hutajwa kwa kupita tu. Sehemu hii inajenga hoja kuwa urafiki huo ndio kipimo anachokitumia mwandishi kuihukumu shule.

Peter na Zita wana mama anayehangaika kuuza chakula, baba mlevi, Mzee Lomolomo, na nyumba ya kurudi. Kurwa na Doto ni mapacha wanaoishi kwa kuokoteza jalalani. Hata majina yao, ambayo ni ya kawaida kwa mapacha, yanamweleza msomaji nani alitangulia kuzaliwa, wala hayamwelezi ni watoto wa nani. Watoto hawa wanne wasingekutana darasani. Usuhuba wao unakomaa baada ya Peter na Zita kufukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Kwa hiyo, tofauti kati yao inapungua kwa sababu wenye nafuu wameporomoka, ilhali wanyonge wamebaki pale pale walipokuwa.

Mantiki hii huonekana wazi zaidi riwaya inaposomwa mbali na Dar es Salaam. Mtoto wa milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, hukulia kwenye kahawa na mashamba ya ngoro. Mwenzake wa Lituhi, Liuli au Mbamba Bay, katika mwambao uliomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012 na kuwa Wilaya ya Nyasa, hukulia kwenye mitumbwi, nyavu na mihogo. Shule ya sekondari, hasa ya bweni, ni miongoni mwa mahali pachache panapowaweka pamoja. Msomaji wa aina hii huijua shule kama mahali wanapokutana walio tofauti. Mbogo anamwonesha upande wa pili: mlango unaokutanisha ndio huo huo unaochuja, na aliyechujwa hutafuta wenzake nje.

Yaweza kudaiwa kuwa hoja hii imepitwa na wakati, kwani ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na elimu bila ada ikafikishwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Hata hivyo, sare iliendelea kuwa jukumu la mzazi, na riwaya haikuitaja ada peke yake.

Aidha, haifai kuupamba urafiki huu. Unawapa watoto ushirika katika njaa, lakini hauwezi kuwakinga. Peter anapojitosa katika biashara ya dawa za kulevya pamoja na Musa, usuhuba ndio unaogeuka kuwa njia ya maangamizi. Mwandishi hauhukumu usuhuba wenyewe. Anaonesha kuwa watoto wameachiwa mzigo ambao ulipaswa kubebwa na wazazi, shule na dola.

Kwa msingi huo, urafiki katika riwaya hii unastahili kuhakikiwa kama dhamira kuu. Ukiondolewa, hubaki orodha ya maovu ya jiji. Ukizingatiwa, swali linaielekea shule: ni nani aliyeachwa nje, na kwa gharama ya kiasi gani?