Fundi wa Matone

Kabla ya sindano hutangulia tepu. Mama aliyetoka Kerege kuja kwenye maabara ya utafiti hapa Bagamoyo amevaa dera, na ndani ya dera kajifunga khanga kiunoni kwa fundo nene. Mtaalamu wa maabara analijua fundo hilo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Naomba tulilegeze hili fundo, mama, tusije tukaipima khanga tukakuacha wewe."

Mama anacheka, khanga inateremka. Kidole cha mtaalamu kinautafuta ubavu wa mwisho, kalamu inaacha alama ndogo. Kidole kinashuka mpaka kwenye ncha ya mfupa wa nyonga, alama ya pili. Tepu inapita katikati ya alama hizo, imelala sawa mbele na nyuma, inagusa ngozi bila kuibana. "Pumua kawaida. Toa pumzi." Pumzi inapoishia ndipo anaposoma. Kisha anaivua tepu yote na kuanza upya, alama ya kwanza, alama ya pili, pumzi. Vipimo viwili vikipishana kwa zaidi ya sentimita moja, anapima mara ya tatu. Leo vimekubaliana: 98.

Shirikisho la kimataifa la kisukari huanza kuhofia kiuno cha mwanamke kikifika sentimita 80, na cha mwanamume kikifika 94. Vizingiti hivyo vilipatikana kwa Wazungu; sisi wa kusini mwa Sahara tumeazimwa mpaka takwimu zetu wenyewe zitoshe. Mtaalamu analijua hilo pia, ndiyo maana haandiki "mnene" wala "hatari". Anaandika 98, saa, na herufi za jina lake.

Anachokiwinda hakionekani kwa tepu. Zamani hata waganga wa hospitali waliyaona mafuta ya mwilini kuwa akiba tu, ya kutumika siku ya njaa. Mwaka 1993, huko Boston, Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa TNF, kemikali ambayo kinga ya mwili huitumia vitani, na kwamba kemikali hiyo huizuia insulini kufanya kazi. Mwaka uliofuata Jeffrey Friedman na wenzake wa New York wakaitambua leptini, homoni itokayo kwenye seli za mafuta na kwenda kuuambia ubongo kwamba akiba ipo, shibe imefika. Adiponektini, homoni nyingine ya mafuta, ikafuata. Kumbe kitambi ni kiungo chenye kutoa homoni, sawa na kongosho au tezi ya shingo, na homoni zake huzunguka ndani ya damu usiku na mchana. Mwenye kutaka kujua zinasema nini hana budi kuzifuata humo humo ndani ya damu.

Kwa hiyo mpira unafungwa juu ya kiwiko. Mama ana mkono ulionona, mshipa umejificha. Wengi wangelipiga-piga ngozi kwa vidole. Huyu anauweka mkono wa mama chini ya usawa wa moyo, anangoja, halafu anapapasa akiwa ameangalia pembeni. Anasema macho yanamdanganya kuliko ncha ya kidole. Sindano inaingia mara moja. Damu inapotiririka analegeza mpira mapema, kwani mkono uliofungwa muda mrefu huharibu vipimo. Chupa yenye kifuniko chekundu inajaa, anaigeuza taratibu mara chache bila kuitikisa. Akiitikisa, chembe nyekundu zitapasuka na seramu itageuka waridi.

Halafu haifanyiki kazi yoyote kwa nusu saa. Chupa imesimama wima kwenye kibao, damu inaganda. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo mgeni huiona kuwa uvivu. Ukiiwahi, nyuzi za mgando zitabaki ndani ya seramu na kuja kuziba pipeti. Ukichelewa saa nyingi, chembe zitaanza kuvujisha vitu vyake. Mtaalamu anautumia muda huo kuandika lebo: namba ya mshiriki, tarehe, saa. Jina la mtu haliandikwi.

Kwenye mashine ya kuzungushia damu, kila chupa hutazamana na nyingine ya uzito uleule. Chupa zikiwa na idadi ya witiri, anajaza maji katika chupa tupu mpaka uzito ulingane. Mashine inaanza kwa mngurumo mdogo, inapanda sauti, dakika 10, inashuka. Anangoja isimame yenyewe. Anapoinua kifuniko, damu imekuwa tabaka mbili: chini donge jekundu jeusi, juu maji ya rangi ya majani makavu. Anaishika chupa mbele ya dirisha na kuisoma kwa macho. Ya mama wa Kerege ni angavu. Inayofuata ni nyeupe kama tui.

Mwenye nayo ni mvuvi, mtu mzima, bado yuko kwenye benchi nje. Mtaalamu anatoka, anachuchumaa mbele yake.

"Mzee wangu, asubuhi umetia chochote mdomoni?"

"Supu tu, mwanangu, na chapati mbili. Nilihofia kuanguka."

Hamkaripii. Anamweleza kwamba seramu imejaa mafuta ya supu, na mashine haitaona kitu ndani yake. Anamwomba aje siku nyingine kabla ya kula, na anamhakikishia kwamba atakuwa wa kwanza kuhudumiwa. Chupa inaingia kwenye ndoo ya taka za hatari. Seramu ile ingeweza kupimwa, namba ingetoka, na mimi nisingelijua tofauti. Yeye angeijua.

Kuna mtego mwingine ambao ni wa pwani hasa. Mafuta ya tumboni yakizidi, seli zake hutanuka mpaka hewa ya oksijeni haizitoshi, nyingine hufa. Seli za kinga ziitwazo makrofaji huja kuzizunguka na kuzila, na zikiwa kazini humwaga TNF na intaleukini-6. Hali hii ya kinga kuwaka moto mdogo usiozimika, bila kidonda wala homa, ndiyo inflamesheni ya unene. Intaleukini-6 ikifika kwenye ini, ini hutengeneza protini iitwayo CRP, na CRP ni rahisi kuipima. TNF nayo huivuruga ishara ya insulini ndani ya misuli: insulini inabisha hodi, sukari haifunguliwi. Kongosho linaongeza insulini, miaka inapita, linachoka. Hapo ndipo kisukari. Sasa, malaria nayo hupandisha CRP, tena kuliko kitambi. Kidonda cha mguu pia, jino bovu pia. Kwa sababu hiyo kila mshiriki hutobolewa kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria, huulizwa homa, huangaliwa miguu. Atakayekutwa na ugonjwa hutibiwa kwanza, na damu yake ya utafiti husubiri. Bila hatua hiyo, mtafiti angeandika kwa ufasaha mkubwa habari za kitambi, kumbe amepima mbu.

Bagamoyo si mgeni wa nidhamu hii. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo hapa mjini, na Bagamoyo ilikuwa mojawapo ya vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka 2021. Jaribio kama lile hujenga watu wanaojua kwamba lebo iliyokosewa ni mtoto aliyepotea kwenye hesabu.

Seramu hugawanywa katika vijichupa vidogo, kila kimoja cha kutosha kipimo kimoja, kwa sababu protini hazipendi kuganda na kuyeyuka mara kwa mara. Vinaingia kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri. Ubaoni pana daftari la joto, husainiwa asubuhi na jioni. Umeme ukikatika, jenereta hunguruma nje. Mtaalamu hanyanyui kichwa, ila utamwona akihesabu kimoyomoyo mpaka mlio utulie.

Siku ya kupima leptini haina mazungumzo. Mlango umefungwa, kiyoyozi kimewashwa tangu alfajiri ili chumba kisizidi nyuzi 25. Katikati ya meza kuna sahani ya plastiki angavu yenye visima 96: safu 8 kwa 12. Sakafu ya kila kisima imepakwa kingamwili zinazoshika leptini peke yake. Ni dema linaloruhusu samaki wa aina moja tu.

Kwanza anatengeneza ngazi. Anachukua myeyuko wenye kiasi cha leptini kinachojulikana, anaupunguza nusu, nusu yake, na nusu ya nusu, vijichupa saba, na cha nane hakina leptini kabisa. Ngazi hiyo ikipinda, kila kitu kilichopimwa juu yake kimepinda. Kila hatua ana ncha mpya ya pipeti. Anaitumbukiza milimita chache tu chini ya uso wa maji, anaachia kitufe polepole, anangoja pumzi moja, anaitoa kwa kuigusisha ukingoni ili tone la nje libaki nyuma. Kwenye kisima anabonyeza mpaka kituo cha kwanza, kisha cha pili, ncha ikiwa imegusa ukuta. Hapana povu. Maikrolita 100, sehemu ya kumi ya mililita moja, mara 96. Kila sampuli inaingia katika visima viwili, na anakwenda kwa kasi ileile toka kisima cha kwanza mpaka cha mwisho, kwa kuwa cha kwanza kikitangulia sana kitakuwa kimekunywa zaidi.

Sahani inafunikwa kwa karatasi ya kunata, kwani kwa joto la pwani visima vya pembeni hukauka kabla ya vya katikati. Saa mbili nzima. Kisha kuosha: visima vinajazwa, vinamwagwa, sahani inapinduliwa na kupigwa juu ya karatasi ya kukaushia, mara nne, kwa kishindo kilekile. Inaingia kingamwili ya pili, inayoibana leptini kwa upande wa juu. Kungoja. Kuosha. Kimeng'enya. Kungoja. Kuosha. Mwisho unatiwa mchanganyiko usio na rangi, na sahani inafunikwa gizani.

Anapoifunua, visima vimekuwa buluu, vingine kwa mbali, vingine kama wino. Palipo na leptini nyingi ndipo palipokolea. Anatia tindikali kwa mpangilio uleule aliotia mchanganyiko. Buluu inageuka manjano na kukoma papo hapo. Mashine inasoma sahani nzima ndani ya dakika moja. Yeye anatazama jozi kwanza: visima viwili vya mtu mmoja vikipishana sana, sampuli hiyo inarudiwa siku nyingine, na hakuna kisingizio. Leo sampuli za kurudiwa ni mbili katika sahani nzima, naye anazizungushia kalamu nyekundu bila kukunja uso.

Adiponektini ina ufundi wake. Imejaa tele katika damu, mara mamia hata maelfu kuliko leptini, hivyo seramu hupunguzwa mara mia kadhaa kabla ya kusomeka. Kosa dogo la pipeti huzidishwa kwa hesabu ileile. Ajabu yake ni kwamba, ingawa hutoka kwenye mafuta, hupungua mafuta yanapozidi, na kupungua kwake huifanya insulini ipate taabu zaidi. Mama wa Kerege yumo humo: leptini juu, adiponektini chini. Leptini kuwa juu kungepaswa kumkinaisha chakula, lakini ubongo uliosemeshwa shibe kwa miaka huacha kusikia. Wanaomwambia mama huyo "punguza kula tu" hawajui anachopambana nacho.

Namba za namna hii ndizo zilizobeba kazi ya Kilimanjaro. Godfrey Temba, Quirijn de Mast na wenzao wa Moshi na Nijmegen walichunguza Watanzania 323 wenye afya, wakachapisha mwaka 2021 kwamba kinga ya watu wa mjini huwaka zaidi kuliko ya wa vijijini, na chakula kina mkono wake. Mwaka 2025 wakatoa jaribio la wanaume 77: wa kijijini waliohamishiwa chakula cha kizungu kwa wiki mbili, alama za inflamesheni zilipanda; wa mjini waliorudishwa kwenye chakula cha asili, na kundi jingine lililokunywa mbege, pombe ya ndizi, zilishuka. Wiki mbili tu! Barabara ya kutoka Mwenge kupitia Tegeta, Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo imejaa vibanda vya chipsi kuliko vya mihogo, na sidhani kama pwani itakuwa na habari tofauti. Utafiti wa akina Donald McLarty wa Muhimbili, uliotoka mwaka 1989, ulikuta kisukari chini ya mtu 1 kwa 100 katika vijiji 6 vya Tanzania. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watu wazima karibu 9 kwa 100. Njia za kupima zilitofautiana, ila pengo hilo halifutwi na tofauti ya njia.

Kliniki ya kawaida haitakupima leptini, wala huihitaji. Tepu na sukari ya asubuhi vinatosha kuanzia: ikisoma milimoli 7.0 kwa lita au zaidi ukiwa hujala, na siku nyingine ikasoma hivyo tena, ni kisukari. Basi ukiitwa kupimwa, kula chakula chako cha usiku mapema, kisha maji matupu mpaka asubuhi. Na kama supu imekushinda, mwambie anayekutoa damu kabla hajafunga mpira.