Juu ya Kujifunza Usimamizi wa Ujenzi

Siku hizi vijana wengi wanaomaliza shule hupenda kujifunza usimamizi wa ujenzi, yaani maarifa ya kupanga kazi, siku, fedha na watu, hata nyumba, daraja au barabara ikamilike. Maarifa hayo ni mema, wala siyabezi. Walakini nimesoma vitabu vyake kadha wa kadha, nikawasikiliza na vijana waliofundishwa, na nimeona kasoro moja ambayo yafaa tuitazame pamoja. Mwanafunzi hufundishwa majina ya vitu kabla ya kuvijua vitu vyenyewe.

Na nianze na lililo jema. Mwaka 1957, huko Marekani, wataalamu wa shirika la DuPont na wa Remington Rand walibuni hesabu ya kutafuta zile kazi zisizo na nafasi ya kuchelewa. Maana yake si ngumu. Tuseme twajenga darasa. Msingi huchukua siku 10, kuta siku 20, paa siku 8, na kutia milango siku 2. Kazi hizo hufuatana, kwa kuwa paa haliwezi kutangulia kuta. Basi jumla ni siku 40. Seremala huchonga milango kwa siku 15, lakini yeye aweza kuanza siku ile ile msingi unapoanza kuchimbwa, na milango haitakiwi mpaka siku ya 38 iishe. Kwa hiyo ana nafasi ya siku 23. Akiugua juma zima, darasa halichelewi. Bali mwashi akikosa siku moja tu, kazi nzima imechelewa siku moja. Msimamizi asiyeijua hesabu hii humfokea seremala bure, na mwashi humwacha alale.

Mpaka hapo kitabu ni mwalimu mwema. Kosa huanza mwanafunzi anapodhani kwamba zile siku 20 za kuta zimeshuka zenyewe. Nani alizipima? Waashi ni wawili au watano? Maji yapo karibu, au huchotwa bondeni? Ni mwezi gani, wa kiangazi au wa kulima, ambapo hata mwashi hushika jembe lake? Hesabu isiyotoka katika kupima ni uongo uliopangwa vizuri. Kompyuta nayo, ikipewa uongo, huuchora kwa mistari iliyonyoka sana.

Nasema haya si kwa kuwacheka wengine. Miaka michache iliyopita nalikuwa mwandishi wa kamati ya kujenga darasa kijijini. Nilichora ratiba nzuri, nikaibandika ukutani, na kila aliyeiona akaisifu. Kwa kuwa bei ya saruji ilikuwa nafuu, tulinunua mifuko yote mara moja kabla ya msingi kwisha. Mvua za masika zikaja. Mifuko ilikuwa imelazwa juu ya udongo katika ghala lenye unyevu, na tulipoifungua tulikuta mingi imekuwa mawe. Ratiba yangu ilionyesha siku ya kujenga kuta, ila haikuonyesha saruji italala wapi. Watoto walisoma chini ya mwembe mwaka mwingine mzima. Mama mmoja aliyeuza mbuzi ili atoe mchango wake aliniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, mbuzi wangu yu wapi?" Sikuwa na la kujibu, na hata leo sina.

Baada ya hayo ndipo nilipoelewa habari ya jengo la Empire State, mjini New York. Kazi ya kulijenga ilianza Machi 1930, likafunguliwa tarehe 1 Mei 1931, nalo lina ghorofa 102. Watu husifu ule upesi, nami pia nalisifu upesi tu. Sasa nasifu njia yake. Hapakuwa na uwanja wa kuweka vifaa katikati ya mji. Basi kila mzigo ulipangiwa wakati wake wa kufika, ukapandishwa mpaka ghorofa uliyotakiwa, na huko magari madogo ya reli yakausambaza. Nguzo za chuma zilikuja zimekwisha kutiwa alama za mahali pake. Hayo hayakufanywa na mchoro wa ukutani. Yalifanywa na watu waliojua uzito wa chuma na upana wa njia.

Kinyume chake waalimu wengi hutaja jumba la Opera la Sydney, huko Australia. Mwaka 1957 mchoro wa Jørn Utzon wa Denmark ulishinda mashindano. Kazi ilianza mwaka 1959, hali mapaa yake yenye umbo la makombe hayajapatiwa hesabu ya kuyajenga. Serikali ilikuwa na haraka. Baadaye nguzo zilizokwisha kujengwa zilionekana haziwezi kuyabeba, zikabomolewa na kujengwa upya. Utzon alijiuzulu mwaka 1966 kwa ugomvi na serikali, wala hakuliona jumba lake limekamilika. Lilikadiriwa kugharimu dola milioni 7 za Australia. Lilipofunguliwa mwaka 1973, miaka 10 baada ya wakati uliowekwa, lilikuwa limekula milioni 102.

Hapa sikubaliani na wale wanaomaliza somo kwa kusema, "La kwanza lilifaulu, la pili lilishindwa." Empire State lilikuwa na ghorofa nyingi zinazofanana, na wakati ule wa dhiki kazi ilikuwa adimu, watu walikufa katika kulijenga, tena kwa miaka mingi vyumba vyake vingi vilikosa wapangaji. Jumba la Sydney nalo leo ni fahari ya nchi yake, na mwaka 1997 wala 2007 hakuna aliyetaka libomolewe. Bali mwaka huo wa 2007 liliwekwa katika urithi wa dunia. Basi siku na fedha ni vipimo vya kweli, lakini si vipimo vyote. Mwanafunzi asiyeambiwa haya hujifunza nusu ya jambo, akaondoka akidhani anajua lote.

Nipendalo mimi ni hili. Kijana anayejifunza kazi hii kwanza na akae miezi kadhaa na nyapara kiwanjani, ahesabu matofali yanayojengwa kwa siku, apime lundo la mchanga, aone saruji inavyotunzwa juu ya mbao, mbali na ukuta. Kila asubuhi aandike anachodhani kitafanyika, na kila jioni aandike kilichofanyika, kisha asione haya kulinganisha. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya hapo apewe kitabu, naye atakisoma kama mtu anayesoma habari za mji anaoujua.

Darasa letu lilikamilika hatimaye, kwa michango ya mara ya pili. Yule mama alitoa tena, ila safari hii aliomba aonyeshwe ghala kwanza. Nadhani yeye alikwisha jifunza usimamizi wa ujenzi kuliko mwandishi wa kamati.