Alizeti Mwitu: Je, Ni ya Mwitu?

Miongoni mwa majina ya mimea yapitayo vinywani bila kuulizwa ni "alizeti mwitu", ambayo wengine huiita "alizeti pori". Ni kichaka kirefu chenye maua ya manjano, kimeazo kandokando ya barabara nyingi za Tanzania na Kenya.

Jina hili, kwa mawazo yetu, lina kasoro. Katika lugha yetu "mwitu" hutaja kile ambacho hakijapata kufugwa wala kulimwa, kama tusemavyo nguruwe mwitu. Historia ya mmea huu ni kinyume. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Uliletwa kwa uzuri wa maua yake, ukapandwa bustanini na kwenye nyua, kisha mbegu zake zikavuka ua. Haukutoka mwituni, bali uliingia mwituni.

Istilahi mbili zilizozoeleka nazo hazitoshi. "Mmea mgeni" ni pana mno, kwani muhindi na muhogo pia asili yake ni Amerika. "Mmea vamizi" hutaja madhara lakini haitaji njia; tena wakulima wa magharibi ya Kenya hutumia majani ya alizeti hiyo kuwa mbolea.

Tunapendekeza "mmea mtoro", yaani uliotunzwa na mtu kisha ukatoka mikononi mwake. Watakuwapo watakaopinga, kwamba neno hili labeba kumbukumbu ya waliokimbia utumwa, ambao kukimbia kwao hakukuwa kosa. Hoja hiyo ni nzito, lakini haibomoi pendekezo letu. Mmea nao hauna kosa. Wa kuulizwa ni aliyeupanda asiuangalie.

Jambo hili si la maneno matupu. Gugumaji la Ziwa Victoria, ambalo katika miaka ya 1990 lilifunika ghuba na kuzuia mitumbwi, asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilisambazwa duniani kama ua la kupambia mabwawa. Jina lake halidokezi hata kidogo kwamba liliwahi kutunzwa na mtu.

Kiitwacho cha mwitu huachwa mwituni. Kiitwacho kitoro hutafutwa, na mwenyewe huulizwa. Tunawaomba wataalamu wa mimea na wa lugha walipime pendekezo hili kabla ya vitabu vya shule kutuamulia.