Ufunguo Uliochongwa kwa Kopi

Gerezani, Dar es Salaam, kati ya nyundo za wachomeleaji na ngurumo za injini zinazojaribiwa, kuna fundi funguo mwenye jiliwa moja na tupa tatu. Ukimpa ufunguo haanzi kuchonga. Anaugeuza kwenye mwanga, anapitisha ukucha juu ya meno yake, kisha anasema: huu umechongwa kwa kopi, na kopi yenyewe ilitoka kwa kopi. Kila mkono umeacha kosa lake, na kosa la wa kwanza limerithiwa na wote waliofuata. Nilikaa naye asubuhi nzima, na hapo ndipo nilipoelewa kazi ya watu wanaotafuta asili ya Virusi vya UKIMWI.

VVU ni miongoni mwa retrovirusi. Maandishi yake ni herufi zipatazo 9,700, na kila kinapoingia ndani ya seli kirusi hujinakili kwa kimeng'enya ambacho hakirudi nyuma kusahihisha. Makosa yanabaki. Mwenye subira ya kulinganisha nakala za wagonjwa wengi huona ipi ni ndugu ya ipi, na kwa kuwa makosa hurundikana kwa kasi inayokadirika, huhesabu pia umri wa mzazi wao. Damu iliyochukuliwa Kinshasa mwaka 1959 na kipande cha tezi kilichohifadhiwa ndani ya nta huko huko mwaka 1960 vilipolinganishwa, virusi vyake vilikuwa vimeachana mno. Mzazi wao, kwa hesabu hiyo, aliishi mwanzoni mwa karne ya 20, na Kinshasa ya miaka ya 1920 ndiko safari ya kuenea duniani ilikoanzia.

Nimesikia mara nyingi kwenye vijiwe vya Kariakoo kwamba ugonjwa huu ulitengenezwa maabara. Nawaheshimu wanaouliza, lakini tarehe zinajibu. Umbo la DNA lilifahamika mwaka 1953, na kimeng'enya cha retrovirusi kiligunduliwa mwaka 1970.

Chanzo cha kirusi kilichoenea duniani kilikuwa kirusi cha sokwe wa kusini mashariki mwa Kamerun. Hilo lilithibitishwa mwaka 2006, na ushahidi uliokusanywa ulikuwa mavi. Ufundi wa kusoma kirusi kwenye mavi ulikomaa hapa kwetu, Gombe, mkoani Kigoma.

Sokwe wa Gombe wamefahamika kwa majina tangu Jane Goodall alipofika mwaka 1960, na macho yaliyowafuata siku baada ya siku ni ya watu wa Kigoma. Hilali Matama ndiye aliyeshuhudia mwaka 1974 madume wa kundi la sokwe la Kasekela wakimvamia Godi, dume wa kundi jirani, akamtambua kila mmoja katika vurugu ile. Kwa watu wenye macho ya namna hiyo, kazi ya virusi iliwezekana bila kumchoma sokwe sindano.

Mfuatiliaji anaondoka gizani. Lazima awe chini ya mti kabla sokwe hajaamka na kushuka kiotani, na lazima ajue tangu jana jioni nani alilala kiota kipi, maana sampuli yenye jina lisilo lake ni ufunguo wa nyumba nyingine. Anachota kiasi kidogo cha kinyesi, anakitia kwenye chupa yenye maji ya dawa yanayolinda vinasaba bila jokofu, anaandika jina na tarehe. Maabara nayo hupima vinasaba vya sokwe mwenyewe, kuhakikisha kwamba mavi ni ya aliyetajwa. Humo humo hutafutwa pia kirusi.

Mwaka 2002 alitangazwa Gimble, dume wa Kasekela, kuwa na kirusi hicho cha sokwe. Mwaka 2009 yakaja matokeo ya miaka tisa: sokwe 94 walifuatiliwa, 17 walikuwa na maambukizi, na hatari yao ya kufa ilikuwa kati ya mara 10 na 16 ya wenzao wa umri huo. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kirusi hiki hakiwadhuru sokwe. Imani hiyo isingevunjwa na msafara wa wiki mbili. Ilihitaji watu wanaojua nani kamzaa nani, nani kapoteza mtoto, na nani hajaonekana mtoni tangu masika.

Kirusi cha Gombe ni tawi jingine, si lile la Kamerun, na hakijaonekana kwa binadamu.

Miongoni mwa waandishi wa utafiti wa 2009 wamo Watanzania Shadrack Kamenya na Titus Mlengeya, na ninafurahi kuyaona majina yao. Lakini wengi waliosimama gizani chini ya viota, chupa mkononi, hawamo. Walioifanya kazi hiyo ni mafundi wakuu wa ufundi huu. Anayeiandika historia ya UKIMWI kwa Kiswahili aende Kigoma awaulize majina yao, ayaandike.