Kabla ya Lipu

Mwanafunzi wa uhandisi anayetaka kuijua kazi njema ya ujenzi Wingwi aende kwenye jengo kabla halijapigwa lipu. Lipu husitiri, na ikishapakwa rangi hata fundi mzoefu hubaki kukisia.

Anzia kwenye lundo la mchanga. Huku kaskazini mwa Pemba bahari iko jirani, na mchanga wa pwani una chumvi. Chumvi ikiifikia nondo, kutu huanza, chuma hufura, zege hupasuka na kumeguka. Magofu ya Chwaka, karibu na Tumbe, ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zimedumu karne nyingi kando ya bahari hiyo hiyo. Lakini ndani yake hamna chuma cha kuliwa. Anayejenga kwa nondo hana usalama huo. Mchanga wa pwani usiooshwa kwa maji baridi ukatae, hata ukiwa mweupe wa kupendeza.

Udongo uliomo ndani ya mchanga nao upime. Tia mchanga kwenye chupa iliyonyooka pamoja na maji yenye chumvi kidogo, maana chumvi hutuliza udongo upesi. Tikisa, kisha acha saa 3. Mchanga ukifika milimita 100, tabaka la udongo juu yake lisizidi milimita 8.

Kwenye zege kaa sana, kwani ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Vibarua hupenda zege la majimaji kwa sababu ni jepesi kulimwaga. Mfuko wa saruji wa kilo 50 kwa lita 25 za maji ni kipimo cha kuanzia, na mchanga uliolowa huja na maji yake, kwa hiyo punguza. Koni ya kupimia ulaini wa zege ina kimo cha milimita 300: ijazwe kwa tabaka 3, kila moja ishindiliwe mara 25, kisha iinuliwe wima. Zege likimwagika chini kama uji, lirudishwe. Vaibreta nayo izamishwe wima na ivutwe polepole. Ikiacha shimo wazi, imetolewa kwa pupa.

Chungulia ndani ya mbao kabla zege halijamwagwa. Karibu na bahari, nondo ikae milimita 40 hadi 50 kutoka kwenye uso, ikishikiliwa na vijitofali vya zege. Ukikuta kipande cha mti ndicho kilichoiegemeza, kazi hiyo si njema, hata nguzo ikitoka imenyooka.

Kuta hazinichukui muda: timazi, pima maji, na viungo vya milimita 10 vilivyojaa hadi ndani.

Mwisho ulizia umwagiliaji. Zege lifunikwe magunia mabichi siku 7 kwa uchache. Na uliza maji yanatoka kisima gani. Visima vingine vya pwani ni vya maji ya chumvi.