Mizinga Haikuwa na Kazi Jukwaani

Jumamosi ya tarehe 29 Agosti 1970, katika Kisiwa cha Wight, ilikuwa siku ambayo mpenzi wa jazi na wa roki ya progresivu angeweza kujifunza kila kitu bila kuhama pale alipoketi. Miles Davis alipanda jukwaani jua halijazama. Wakafuata Ten Years After, halafu Emerson, Lake & Palmer (ELP), halafu The Doors na The Who. Picha za siku ile mmeshaziona, na kila zinaporudiwa ubishi hurudi palepale, kwenye mizinga miwili ya ELP. Wengi huisifu kama mlio wa kuzaliwa kwa bendi kubwa. Mimi naiona kama kosa la kimuziki, na halijawahi kunitoka rohoni.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Bendi ilikuwa na siku 6 tu tangu onyesho lake la kwanza, lile la Plymouth tarehe 23 Agosti. Keith Emerson alikuwa kwenye kinanda cha Hammond na sinthesaiza ya Moog, Greg Lake akiimba na kupiga besi, na Carl Palmer, kijana wa miaka 20, alikalia dramu. Walipofika mwisho wa onyesho, mizinga 2 ikafyatuliwa kutoka jukwaani. Wala hili halikuwafika kwa bahati mbaya. Walishakwenda kuijaribu shambani, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Basi ulikuwa uamuzi uliofikiriwa na kupangwa, na uamuzi wa namna hiyo lazima upimwe kwa vipimo vya ufundi.

Kipimo cha kwanza ni kazi yenyewe waliyoibeba siku ile. Walipiga "Pictures at an Exhibition", mfululizo ambao Modest Mussorgsky aliutunga mwaka 1874 kwa piano peke yake. Wanaoufahamu wanajua jinsi unavyokwenda. Unaanza na mwendo wa mtu anayetembea mbele ya picha, mapigo ya 5/4 yakipokezana na ya 6/4, hatua zisizokaa sawa. Unamalizia kwenye Lango Kuu la Kiev, na pale ndipo Mussorgsky anapotoa somo. Anapiga wazo lake kuu kwa nguvu, halafu anashuka hadi kwenye kiitikio cha kanisani cha sauti ndogo kisicho na mapambo. Anapanda tena. Analeta kengele, anaurudisha ule mwendo wa mwanzo ndani ya kengele hizo, na ndipo anapofungua lango. Ukubwa wote ule unatoka kwenye kushuka kwake. Ravel alipoupangia okestra mwaka 1922 aliongeza shaba na kengele, lakini ngazi zile hakuzigusa.

Sasa mtu mwenye Lango la Kiev kwenye orodha yake ya nyimbo anatafuta nini kwenye baruti? Mzinga hauna noti. Haujui wimbo uko kwenye ufunguo gani, wala haungoji pigo la Palmer. Mtaniambia Tchaikovsky naye alitumia mizinga kwenye "1812". Naam, aliitumia, lakini aliiandika. Milio 16 imo ndani ya karatasi ya muziki, kila mmoja kwenye pigo lake, na okestra imeandikiwa namna ya kuupokea. Mzinga wa Tchaikovsky ni ala. Mizinga ya Wight ilibandikwa juu ya muziki uliokwisha kujitosheleza.

Kipimo cha pili ni sikio. Sikio likipigwa na kishindo kikubwa hujikaza, na kwa muda hupoteza sehemu ya usikivu wake. Kinachopotea kwanza ni vile vitu vidogo tulivyovifuata kwa ELP: matoazi ya Palmer yanavyofifia, mzunguko wa spika ya Leslie unaoipa Hammond pumzi yake, besi ya Lake inayoshika chini wakati vidole vya Emerson vinapopaa. Mpiga kinanda aliyefanya mazoezi tangu utotoni anamaliza kazi yake, na mtu aliyeko kwenye mlima ulio juu ya uwanja anarudi nyumbani akisimulia moshi. Hapo bendi imejinyang'anya yenyewe.

Kwa wapenzi wa muziki wetu wa dansi, hili halihitaji maelezo marefu. Chemko, ile sehemu ya wimbo inayoshika kasi, huja kwa sababu bendi imelipika: gitaa zimeshikana, ngoma imebadilika, mwimbaji amenyamaza ili vyombo vizungumze. Hakuna anayeliita kwa baruti.

Watetezi wana hoja moja ya maana. Wanasema umati ule, ambao mara nyingi hukadiriwa kuwa watu 600,000, usingeweza kushikwa na vyombo vitupu. Basi wamtazame Joni Mitchell, mchana wa siku ileile. Umati ulikuwa na hasira, mtu mmoja alipanda jukwaani na kunyakua maikrofoni, na yeye akiwa peke yake, bila bendi, akazungumza nao, akaimba, wakatulia. Mitambo ya sauti ya WEM ya Charlie Watkins ilifanya kazi yake vizuri. Kama ilifikisha sauti ya mwanamke mmoja, ingeshindwaje kufikisha Hammond?

Naye Miles alitoa jibu kabla hawajamuuliza. Kwa dakika kama 38 hakusimama wala hakusema neno. Kipande kiliingia ndani ya kingine kwa ishara ya tarumbeta tu, Chick Corea na Keith Jarrett wakiwa kwenye vinanda viwili na Jack DeJohnette akichemsha chini yao. Kazi safi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Lake alijua njia bora. Mwaka mmoja kabla, tarehe 5 Julai 1969, alisimama Hyde Park na King Crimson mbele ya umati mkubwa uliokuja kuwaona Rolling Stones. Walipiga "21st Century Schizoid Man". Sikilizeni tena sehemu ile ya katikati, ambapo gitaa la Robert Fripp, saksafoni ya Ian McDonald, besi ya Lake na dramu za Michael Giles zinakimbia noti kwa noti, kisha zinakatika zote kwa pamoja. Kimya. Zinarudi, zinakatika tena. Kile kimya kina nguvu kuliko mzinga wowote, kwa sababu watu wanne wamekifikia pamoja kwa ufundi. Hadi leo sijasikia bendi ya roki iliyoelewa kilele kama Crimson ile ya kwanza.

Na kwa Emerson nina kinyongo cha zamani, wasomaji wa safu hii mnakijua. Ni "Rondo", ambayo aliipiga pia siku ile. Dave Brubeck aliiasisi mwaka 1959 kwa mapigo ya 9/8 yaliyogawanywa 2, 2, 2 na 3, na utamu wake wote umo kwenye ile 3 ya mwisho inayokuvuta mguu. Emerson, tangu enzi za bendi yake ya awali, The Nice, aliinyoosha ikawa 4/4. Akaondoa ugumu uliokuwa ndani ya muziki, akaweka vituko vya nje: visu kwenye kinanda, kukiruka, kukiburuta. Mizinga ilikuwa hatua iliyofuata kwenye njia hiyohiyo. Kufikia California Jam mwaka 1974, piano ilikuwa inazungushwa hewani pamoja naye.

Ndiyo, mizinga iliwapatia jina haraka. Jina si ushahidi kwamba uamuzi ulikuwa sahihi. Walikuwa na Palmer, walikuwa na Moog ambayo wengi walikuwa hawajawahi kuisikia, walikuwa na Mussorgsky. Dakika ile ya mwisho ilikuwa ya watu watatu wenye uwezo wa kuimaliza kwa mikono yao, na wanaopanga fataki kwenye matamasha ya leo wanarudia kuwanyima wanamuziki haki hiyo. Mizinga ingebaki shambani kule Heathrow, tungekuwa na onyesho kamili la kuzungumzia.