Kulea, Kupanga, Kuasili: Lugha ya Ridhaa katika Mahakama Kuu, Meru na Embu

1. Utangulizi

Amri ya kuasili mtoto ni miongoni mwa matini chache zinazotenda kile zinachokisema. Jaji akishatamka, watu ambao jana walikuwa wageni kwa mtoto huwa wazazi wake, na mwanamke aliyemzaa huwa si mzazi wake tena mbele ya sheria. Kwa sababu hiyo matini ya namna hii yastahili kuhakikiwa kwa uangalifu uleule unaotolewa kwa tenzi na riwaya: ni nani anayesema, kwa lugha gani, kwa msamiati upi, na ni nani anayesikia jambo jingine tofauti na lile lililokusudiwa.

Makala haya yanaichunguza siku ya mahakama ya wanandoa wa kigeni wanaoasili watoto wa Kenya, kwa kuitazama hali ya lugha katika Meru na Embu, miji miwili ya mashariki ya Mlima Kenya yenye vituo vya Mahakama Kuu. Msingi wa kisheria ni Sheria ya Watoto ya 2001, ambayo ndiyo iliyotawala mashauri hayo mpaka Novemba 2014, wakati Baraza la Mawaziri la Kenya liliposimamisha uasili wa watoto unaofanywa na wageni. Hoja inayojengwa ni moja: sheria ilidai kwamba mzazi anayetoa ridhaa aelewe kuwa anamtoa mtoto moja kwa moja, lakini maneno yaliyokuwapo katika chumba cha mahakama yalielekea kumwambia kwamba anamtoa kwa muda tu.

2. Siku ya mahakama na lugha zake

Siku hiyo ni mwisho wa safari ndefu. Chini ya Sheria ya 2001, mtoto hakuweza kuingizwa katika mipango ya kuasiliwa kabla hajatimiza wiki 6, wala kabla shirika la uasili lililosajiliwa halijatamka kwamba yu huru kuasiliwa. Waombaji walitakiwa wawe wamekaa naye ndani ya Kenya kwa miezi 3 mfululizo. Mtu maalumu aliteuliwa na mahakama ili ayatetee masilahi ya mtoto katika shauri. Baada ya hayo yote wanandoa huitwa mbele ya jaji, aghalabu faraghani na si katika ukumbi wa wazi, na kile kilichochukua miezi mingi kutayarishwa huweza kumalizika kwa muda mfupi sana.

Katika chumba hicho lugha hazilingani. Kifungu cha 86 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kimeweka Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu. Kiswahili kimeachiwa mahakama za chini, pamoja na Kiingereza. Katiba ya 2010 iliviweka Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi zote mbili, lakini mashauri ya kuasili yaliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Waombaji kutoka Italia au Uswidi husema Kiingereza cha kujifunza. Mama wa mtoto, ikiwa yupo na anajulikana, husema Kimeru, Kiembu au Kimbeere. Kwa hiyo yaweza kutokea kwamba lugha inayobadilisha hali ya watu wote waliomo chumbani si lugha ya nyumbani ya hata mmoja wao.

Tofauti ni kwamba waombaji wana wakili, wana nakala za hati, na wamekwisha kuyazungumza mambo haya katika nchi yao. Mama anamtegemea karani anayefasiri. Yote ambayo Bunge liliandika kuhusu ridhaa yake yanamfikia kupitia kitenzi kimoja atakachokichagua karani huyo. Hapo ndipo uhakiki wa lugha unapoacha kuwa pambo na kuwa jambo la haki.

3. Maneno matatu

Kiswahili kina maneno matatu makuu yanayogombea nafasi hii, nayo hayana thamani sawa.

La kwanza ni "kulea". Hili ndilo la zamani na ndilo linaloeleweka kwa urahisi zaidi, kwani mzizi wake umeenea katika lugha za Kibantu. Msemaji wa Kiembu au Kimeru huulinganisha mara moja na "kurera" ya kwao. Lakini kulea ni kazi, si nasaba. Methali isemayo kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, huyatenga mambo hayo mawili ili kuyapima. Haisemi kwamba aleaye amekuwa ndiye aliyezaa. Bibi hulea, shangazi hulea, yaya hulea kwa mshahara, na mtoto hubaki wa wenyewe. Mama akiambiwa kwamba mwanawe atakwenda kulelewa ng'ambo, ana kila sababu ya kungoja siku atakaporudi.

Mambo huzidi kutatanika kwa sababu nomino "mlezi" imebebeshwa mizigo mingi katika lugha ya ofisi. Msimamizi wa makao ya watoto ni mlezi. Waombaji, katika ile miezi 3, ni walezi. Yule aliyeteuliwa na mahakama kumtetea mtoto naye huitwa mlezi katika tafsiri nyingi. Hivyo katika kikao kimoja huweza kutajwa walezi wa aina tatu, na haki za kila mmoja ni mbali na za mwenziwe. Msikilizaji asiyekuwa na hati mkononi hana njia ya kuwatenganisha.

Hatari hii si ya kubuni. Nchini Uganda, kabla ya sheria ya watoto kurekebishwa mwaka 2016, wageni wengi walipewa na mahakama amri za ulezi tu, wakasafiri na watoto, kisha wakakamilisha uasili katika nchi zao. Neno la ulezi lilikuwa mlango, na uasili ulikuwa nyumba iliyo nyuma ya mlango huo. Mzazi aliyeuona mlango hakulazimika kuonyeshwa nyumba.

Neno la pili ni "kupanga". Katika Kiswahili cha pwani "mtoto wa kupanga" ni mtoto aliyechukuliwa na watu wasiomzaa akafanywa wao, na kamusi za zamani zimelihifadhi neno kwa maana hiyo. Lakini halikupanda bara kwa maana hiyo. Huko Embu au Meru, "kupanga" ni kukodi nyumba, na pia ni kuamua idadi ya watoto kama isemwavyo katika zahanati. Neno zuri la pwani likisemwa mbele ya mama wa Runyenjes litamletea picha ya mpangaji alipaye kodi ya mwezi. Hapa pana funzo kwa wale wanaodhani kwamba kila pengo la istilahi laweza kuzibwa kwa kurudi pwani.

La tatu ni "kuasili", ambalo limekwisha shinda katika maandishi ya sheria na ya fasihi. Limetokana na nomino "asili", yenye chimbuko katika Kiarabu, kwa maana ya shina au chanzo. Kuasili basi ni kumfanya mtoto kuwa wa asili yako, kumtia katika shina. Kwa upande wa sheria neno hili ni sahihi kuliko yale mawili, kwa kuwa linagusa nasaba yenyewe.

Hata hivyo lina kasoro ambayo haijajadiliwa vya kutosha. Wazazi waliomzaa mtoto nao huitwa "wazazi wa asili". Sentensi ya kawaida ya mahakama hii, ikifasiriwa, itasema kwamba wazazi wa asili wameridhia mtoto aasiliwe. Shina moja la neno linawatumikia wanaopoteza na wanaopata. Mwanasheria hatatizwa na jambo hilo, kwa sababu anaijua sheria kabla ya kuisikia sentensi. Mama ambaye sentensi ndiyo sheria yake atasikia neno "asili" likitajwa kwa upande wake, na pengine aone kwamba asili yake imetambuliwa na kuhifadhiwa.

4. Gichiaro: udugu unaoongeza

Yuko atakayesema kwamba tatizo ni la elimu wala si la lugha, na kwamba wazo lenyewe la kumfanya mtu asiye wa damu kuwa ndugu ni geni kwa watu wa Meru na Embu. Dai hili halisimami. Wameru wana "gichiaro", mapatano ya kiapo baina ya koo au makundi, ambayo huwafanya walioapa kuwa kama waliozaliwa pamoja. Jina lenyewe limeundwa kutokana na kitenzi cha kuzaa. Mwenye gichiaro hanyimwi msaada na mwenziwe wala hamwagi damu yake, na avunjaye kiapo huogopa laana.

Gichiaro si uasili wa mtoto, na haifai kuvichanganya viwili hivi. Lakini linathibitisha kwamba Kimeru kina namna ya kusema uzazi unaofanywa kwa tamko. Linaonyesha pia mahali hasa ambapo sheria na desturi zinaachana. Udugu wa gichiaro huongeza: aliyeapa hapotezi ukoo wake, bali hupata wa pili. Amri ya kuasili hubadilisha: upande mmoja hufutwa ili mwingine uandikwe. Msikilizaji aliyelelewa katika fikra ya kuongeza atakisikia kitenzi cha kubadilisha kana kwamba ni cha kuongeza, hata kikifasiriwa kwa ufasaha. Kwa hiyo linalokosekana ni sentensi ya wazi inayosema kwamba ukoo wa kwanza unakoma.

Sheria ya Kenya yenyewe imeonyesha kwamba jambo hili lawezekana. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, imelitambua neno "kafala" kwa ajili ya malezi ya Kiislamu, ambapo mtoto hutunzwa bila nasaba yake kubadilishwa. Watunga sheria walikubali kwamba Kiingereza hakina neno la kubeba tofauti hiyo, wakaliazima lilipo. Waislamu wamepata neno lao katika sheria. Msemaji wa Kimeru au Kiembu bado anaachiwa busara ya karani.

5. Uasili katika riwaya

Fasihi ya Kiswahili imelipokea neno "kuasili" kwa moyo mkunjufu. Katika riwaya ya Assumpta K. Matei, Chozi la Heri (2014), iliyosomwa na maelfu ya wanafunzi wa shule za sekondari za Kenya, Umu anaasiliwa na Mwangeka na Apondi, na nduguye Mwaliko anaasiliwa na Mwangemi na Neema. Sifa kubwa ya riwaya hii ni kwamba imeliondoa neno katika faili na kulitia katika familia: uasili si aibu ya tasa wala sadaka kwa yatima, bali ni njia mojawapo ya kujenga nyumba baada ya nyumba nyingine kubomoka.

Lakini riwaya inaupa uasili sura ile ile ya kuongeza. Umu, Dick na Mwaliko wanakuja kukutana tena. Undugu wa kwanza haukuuawa na wa pili. Hilo lawezekana kwa kuwa waasili wote ni wa nchi moja na njia za kukutana zimo ndani ya hadithi. Riwaya haikulazimika kuuliza ingekuwaje iwapo Mwaliko angalipelekwa Ulaya, akapewa jina jingine na lugha nyingine. Uzito wake uko nyumbani, si mahakamani, na hiyo ni haki ya mtunzi. Uhakiki unaweza tu kusema kwamba ile siku ya mahakama, pamoja na mkalimani wake na mama anayetikisa kichwa kukubali, bado inamngoja mwandishi.

6. Jina na kumbukumbu

Mashauri haya yakichapishwa, jina la mtoto hufichwa kwa herufi za mwanzo. Sababu yake ni njema, yaani kumlinda. Lakini kuna jina jingine linalopotea bila kufichwa na mtu. Kwa Waembu, kama kwa jirani zao Wakikuyu, mtoto hurithi jina la babu au nyanya kwa utaratibu unaojulikana, hivi kwamba jina ni kiungo cha nasaba. Mtoto aliyeokotwa hupewa jina na polisi, na hospitali au na makao ya watoto. Kisha waombaji humpa jipya. Majina mawili huwa yamepita, na la tatu, lile ambalo lingemwambia yeye ni babu wa nani aliyerudi, halikupata kutamkwa.

Watoto walioondoka kabla ya Novemba 2014 sasa ni vijana na watu wazima. Kwa wengi wao hati ya mahakama ndiyo simulizi pekee ya mwanzo wao. Wataisoma kama msomaji asomavyo sura ya kwanza ya kitabu, wakitafuta sauti ya mama. Watakuta kwamba ridhaa imetolewa na kwamba athari zake zimeelezwa. Hawatakuta zilielezwa kwa maneno gani.

7. Hitimisho

Uchunguzi huu hauwahukumu majaji wala makarani, ambao wamefanya kazi kwa lugha waliyopewa na sheria. Unachoonyesha ni kwamba sharti la kuelewa haliwezi kutimizwa kwa kitenzi kimoja, hata kiwe "kuasili". Mambo matatu yapendekezwa. Kwanza, neno "kulea" na vizalia vyake visitumike kabisa pale ridhaa ya kudumu inapoombwa. Pili, "kuasili" lifuatane daima na sentensi isemayo waziwazi kwamba aliyezaa hatakuwa mzazi tena kisheria, na waliomzaa waitwe "wazazi waliomzaa", si "wazazi wa asili". Tatu, maneno yenyewe aliyoambiwa mama kwa Kimeru, Kiembu au Kimbeere, pamoja na jibu lake, yaandikwe katika kumbukumbu ya shauri kama yalivyosemwa.

Tanzania iliamua mwaka 2021 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na "kuasili" limo katika msamiati wake wa kisheria. Uamuzi huo hauondoi tatizo lililoelezwa hapa. Unalihamisha tu kutoka kwa mkalimani kwenda kwa mwandishi wa sheria. Nchini Kenya uasili wa wenyeji na ule wa ndani ya ukoo unaendelea, na kila shauri linahitaji ridhaa. Idara za lugha za Kiafrika zinazo kamusi, zinao wasemaji na zinao wanafunzi wanaotoka Tigania, Imenti, Runyenjes na Mbeere. Kazi ya kuitunga sentensi hiyo moja kwa kila lugha, na kuijaribu mbele ya wasikilizaji wake kabla haijafika mahakamani, iko ndani ya uwezo wao.